Mchezaji Mkongwe Mwenye Goti Bovu: Tumsajili au Tumwache?

Siku tatu kabla ya Krismasi ya 2019, klabu ya AC Milan ya Italia ilisafiri hadi mji wa Bergamo kumenyana na Atalanta, ikarudi nyumbani na mabao matano kapuni bila hata moja la kufutia machozi. Kichapo cha kiasi hicho hakikuwa kimeikumba Milan tangu 1998. Klabu hiyo iliyowahi kutwaa ubingwa wa Ulaya mara saba ilikuwa ikining'inia katika nafasi ya 11 ligini. Kikosi chake kilijaa vijana wenye vipaji, lakini walipofungwa bao la kwanza waliinamisha vichwa kama kuku walionyeshewa na mvua.

Je, wakuu wa Milan walifanya nini? Hawakwenda kutafuta kijana mwingine. Siku tano baada ya aibu hiyo walitangaza kwamba wamemsajili Zlatan Ibrahimović, raia wa Uswidi, mwenye umri wa miaka 38. Huyu ndiye yule ambaye mnamo Aprili 2017, akiichezea Manchester United dhidi ya Anderlecht, alitua vibaya baada ya kuruka, na kano za goti lake la kulia zikakatika. Isitoshe, sifa yake ya ugomvi ilikuwa imetangulia mbele yake kila alikokwenda. Barcelona hakuelewana na kocha Pep Guardiola. Alipokuwa Milan mara ya kwanza, 2010, alishikana mashati mazoezini na mwenzake Oguchi Onyewu. Na sasa alikuwa akitoka kucheza Marekani, ligi ambayo wapenzi wengi wa kabumbu barani Ulaya huiona kama baraza la wastaafu.

Mzee, mgonjwa wa goti, tena mgomvi. Ungekuwa wewe, msomaji mpenzi, ungetia sahihi?

Siyaandiki haya kwa sababu mimi ni shabiki wa Milan. Nayaandika kwa sababu swali lilo hilo limetufikia sisi huku Eastlands, na mimi ni mmoja wa watu wanaotakiwa kulijibu. Timu ya mtaa wetu inacheza katika ligi ya daraja la chini, ile ambayo watazamaji husimama kando ya chaki kwa kuwa hakuna viti, na mechi husimama ng'ombe wa mtu anapokatiza uwanja. Mimi ni mweka hazina. Kazi yangu ni kuhesabu fedha za nauli ya matatu, ada za waamuzi, sabuni ya kufulia jezi, na dawa ya kupulizia misuli. Kwa msimu unaokuja tuna Sh95,000, zote zikiwa michango ya wakazi na wenye maduka.

Sasa amejitokeza mchezaji mmoja, jina nalihifadhi, ambaye watoto wa mtaa wetu walikua wakimtaja. Aliwahi kucheza ligi kuu ya nchi hii. Ana miaka 36. Goti lake limepasuliwa mara mbili. Aliwahi kufungiwa kucheza kwa kumsukuma refa kifuani. Anataka Sh40,000 mkononi kabla ya kuvaa jezi, na Sh1,500 kwa kila mechi. Kamati yetu ina watu saba. Watatu wanamtaka leo kabla ya kesho, wawili hawataki hata kumsikia akitajwa, na sisi wawili tuliobaki tunakuna vichwa.

Na kuna mtu wa nane ambaye hana kura. Ni kijana wa miaka 19, mshambulizi wetu, aliyemaliza kidato cha nne na ambaye sasa humsaidia mamake kuuza viatu vya mitumba Gikomba. Msimu uliopita alifunga mabao saba. Mkongwe akija, atakayekwenda kukalia benchi ni yeye.

Hebu kwanza tuwape nafasi wanaopinga, maana hoja zao si za kupuuzwa.

Wanasema mwili wa mwanasoka ni kama gari la abiria. Ukilitunza litaenda mbali, lakini kila kipuri kina siku yake. Mchezaji wa miaka 22 akivutika msuli huenda akarudi baada ya wiki mbili. Yule wa miaka 36 akivutika msuli uo huo hukaa nje muda mrefu zaidi, na anaporudi huchechemea kwa hofu, akiulinda mguu mmoja hadi ule mwingine nao ukachoka na kuumia. Goti lililokwisha kupasuliwa halisahau. Ndiyo maana mkongwe anaweza kung'ara Jumapili hii kisha asionekane tena kwa Jumapili nne.

Wanaopinga wana mfano mzuri, nao ni Paul Gascoigne wa Uingereza. Katika fainali ya Kombe la FA ya 1991 alimwendea mchezaji wa Nottingham Forest kwa rafu mbaya, na aliyeumia akawa yeye mwenyewe. Kano za goti zilikatika. Lazio ya Italia walikuwa wamekwisha kumtaka, wakamsubiri, na mwaka 1992 akatua Roma. Katika misimu mitatu aliwachezea mechi 43 tu za ligi, maana Aprili 1994 alivunjika mguu mazoezini. Jumlisha mwenyewe: misimu mitatu ni zaidi ya mechi 100. Lazio walinunua mchezaji mzima wakapata chini ya nusu.

Lakini hadithi ya Gascoigne ina upande wa pili, na ndio unaonifanya nisiwakubalie wapinzani moja kwa moja. Mnamo 1995 klabu ya Rangers ya Scotland, chini ya kocha Walter Smith, ilimchukua mtu huyohuyo aliyevunjikavunjika kwa pauni milioni 4.3. Alikuwa na miaka 28. Wengi walicheka. Mwisho wa msimu wake wa kwanza Rangers walihitaji ushindi dhidi ya Aberdeen ili watwae ubingwa kwa mara ya nane mfululizo, na Gascoigne akacheka na nyavu mara tatu peke yake. Mwaka huo alichaguliwa mchezaji bora wa Scotland.

Miaka mitano baadaye Walter Smith, ambaye sasa alikuwa kocha wa Everton, alimsajili tena. Kocha ni yuleyule, mchezaji ni yuleyule, lakini sasa Gascoigne alikuwa na miaka 33. Katika misimu miwili aliifungia Everton bao moja tu la ligi. Smith alimjua Gascoigne kuliko makocha wengi waliowahi kumfundisha, na bado saa ya ukutani ilimshinda.

Basi tazama. Jina lilikuwa moja, Paul Gascoigne, mara ya kwanza likaleta kombe na mara ya pili likaleta bao moja. Kwa hiyo anayeuliza, "Je, ni vizuri kusajili mkongwe?" hajauliza swali kamili. Swali kamili ni hili: mkongwe yupi, mwaka gani, kwa kazi gani, na kwa masharti gani?

Huku kwetu pia tumeliona hilo. Dennis Oliech ni jina ambalo Mkenya mpenda soka hawezi kulitaja bila kukumbuka 2003, wakati bao lake dhidi ya Cape Verde lilipoisaidia Harambee Stars kukata tikiti ya kwenda Tunisia kwa fainali za Kombe la Afrika za 2004. Alikwenda Ufaransa akacheza huko miaka mingi. Kisha, Januari 2019, akiwa amebakisha mwezi mmoja tu kutimiza miaka 34, na baada ya kukaa muda bila klabu, Gor Mahia walimsajili kwa mkataba wa miaka miwili. Mashabiki walishangilia kama siku ya arusi. Gor walitwaa ubingwa wa ligi msimu huo. Lakini mwaka huohuo Oliech akatangaza nia ya kuwania kiti cha ubunge cha Kibra, na kabla ya mwaka kwisha klabu ikavunja mkataba, pande zote mbili zikibaki na manung'uniko. Nani alikuwa na haki? Hilo si langu kuamua. Ninachokiona mimi kama mweka hazina ni ile miaka miwili. Mtu wa umri huo ana mambo mengine maishani, na ni haki yake kuwa nayo. Ukimfunga kwa mkataba mrefu, unajifunga wewe mwenyewe.

Turudi Milan. Wao walimpa Ibrahimović mkataba wa miezi sita tu, hadi mwisho wa msimu, wenye nafasi ya kuongezwa iwapo mambo yangekwenda sawa. Hapo ndipo penye busara yote. Hawakuoa, walichumbia kwanza.

Na mambo yalikwenda vipi? Nusu msimu ya kwanza alifunga mabao 10 katika mechi 18 za ligi, na Milan wakapanda kutoka nafasi ya 11 hadi ya sita. Wakamwongezea mkataba. Msimu uliofuata, 2020/21, alifunga mabao 15 katika mechi 19. Milan wakamaliza wa pili na kurudi katika Ligi ya Mabingwa baada ya kuitazama kwenye televisheni kwa misimu saba.

Watetezi wa mkongwe wetu hupenda kutaja mabao hayo 15, nami huwaomba waitazame pia ile 19. Ligi ya Italia ina mechi 38. Maana yake ni kwamba hata Zlatan, mwenye madaktari, mabafu ya barafu, na wapishi wa kumpimia chakula, alikosekana katika nusu ya mechi za ligi. Alipata Korona, akavutika misuli, goti likamsumbua hadi akaikosa michuano ya Ulaya na timu ya taifa lake. Milan waliweza kumaliza wa pili kwa kuwa hata siku ambazo Zlatan hakuwepo walikuwa na timu. Mtaani kwetu hatuna hata barafu ya kutosha kupoza soda. Je, sisi tutampata katika mechi ngapi?

Msimu wa 2021/22 ndio uliotimiza ndoto. Tarehe 22 Mei 2022 Milan waliwalaza Sassuolo 3-0 na kutwaa ubingwa wa Italia kwa mara ya kwanza tangu 2011. Lakini Zlatan mwenyewe alikuwa na mabao manane tu ya ligi msimu huo. Waliobeba mzigo ni wengine: Mfaransa Olivier Giroud, ambaye naye hakuwa kijana, na Mreno Rafael Leão, kila mmoja akiwa na mabao 11. Leão ndiye aliyechaguliwa mchezaji bora wa ligi. Zlatan alipowasili, Leão alikuwa mtoto wa miaka 20, mwenye mbio za swara na uzembe wa mtu aliyejua kwamba kipaji chake kitamtetea. Akawekwa mazoezini na mzee asiyestahimili uzembe, mzee wa kumkaripia akipoteza mpira na wa kumsifu akitenda jema. Siku chache baada ya ubingwa, Zlatan alipasuliwa goti la kushoto, kisha akafichua kwamba kwa miezi sita alikuwa amecheza bila kano muhimu ya goti hilo. Alistaafu Juni 2023, akiwa na miaka 41.

Hapo ndipo nilipofumbuliwa macho. Milan hawakulipia miguu ya Zlatan peke yake. Walilipia pia sauti yake katika chumba cha kubadilishia nguo. Mabao yalikuja, ndiyo, lakini faida kubwa ilibaki katika miguu ya vijana hata yeye alipokuwa amelala kitandani kwa daktari. Mkongwe anayekuja kufunga mabao tu huondoka na mabao yake, lakini anayekuja kufunga na kufundisha huacha timu.

Mwanangu wa kiume, ambaye ni mwanafunzi wa chuo kikuu na ana jibu kwa kila kitu, alinipinga mezani.

"Lakini Baba," alisema, "si mwalimu ni kocha? Kama ni kufundisha, mpeni kazi ya ukocha msaidizi. Kwa nini aikalie nafasi ya mtu uwanjani?"

Ni hoja nzuri. Nilimjibu kwamba kuna mafunzo ambayo hayatolewi kando ya chaki. Jinsi ya kumgeukia beki ukiwa umempa mgongo, jinsi ya kusimama pale mpira utakapoangukia badala ya kukimbilia ulipo, jinsi ya kupoteza muda dakika ya 88 bila kuonyeshwa kadi: hayo kijana huyaona akiwa bega kwa bega na anayeyafanya. Tena mkongwe si lazima acheze dakika zote 90. Roger Milla wa Cameroon alikuwa na miaka 38 katika Kombe la Dunia la 1990 kule Italia. Aliingia kama mchezaji wa akiba katika mechi zote tano, akafunga mabao manne, na Cameroon wakafika robo fainali, timu ya kwanza ya Afrika kufika huko. Kocha hakumwomba mzee akimbie tangu firimbi ya kwanza. Alimwita wakati mabeki wamechoka na yeye bado ana pumzi.

Mwanangu alikubali nusu. Mama watoto, aliyekuwa akisikiliza huku akichambua mchele, aliuliza swali ambalo katika mikutano yetu yote hakuna mwanamume aliyewahi kuliuliza.

"Na huyo mchezaji wenu, ugomvi wake ni wa aina gani? Wa uwanjani, au wa nyumbani?"

Nikanyamaza. Sisi wanaume tukisema mchezaji ana "utata," tunatia kila kitu katika gunia moja: aliyemtukana refa, aliyechelewa mazoezini, aliyelewa, aliyempiga mkewe. Kumbe hayo si mamoja.

Upo ugomvi wa joto la mchezo. Januari 2021, katika mechi ya Kombe la Italia dhidi ya Inter, Zlatan aliifungia Milan bao la kwanza, kisha akagongana vipaji na Romelu Lukaku wakirushiana maneno machafu, na baadaye akaonyeshwa kadi ya pili ya manjano. Milan wakabaki kumi na kupoteza 2-1. Ugomvi huo una bei, na bei yake ilikuwa mechi. Kocha anaweza kuutia katika hesabu, akautoza faini, akaukemea, na maisha yakaendelea.

Lakini upo ugomvi ambao hauna hesabu. Oktoba 1996 magazeti ya Uingereza yalijaa habari kwamba Gascoigne alikuwa amempiga mkewe hotelini. Yeye mwenyewe alikubali kwamba alifanya hivyo. Watu wengi walitaka Rangers wamfukuze. Siku chache baadaye alipangwa kucheza dhidi ya Ajax katika Ligi ya Mabingwa, akaonyeshwa kadi nyekundu, na Rangers wakalambishwa mabao 4-1. Wapo watakaosema kwamba yanayotendeka nyumbani kwa mchezaji hayaihusu klabu. Nami nasema yanaihusu, hasa timu ya mtaa. Wavulana wa miaka 15 humbebea mkongwe mkoba wa njumu hadi kituoni. Humtazama anavyotembea, anavyosema na wasichana, anavyolipa deni kwa mama wa chapati. Timu ikimvisha jezi, imewaambia watoto wote kwamba huyu ndiye mtu.

Kwa hiyo nilifanya nilivyoshauriwa. Niliwauliza wachezaji wawili waliocheza naye, na dereva mmoja wa matatu anayeishi ploti moja naye. Kuhusu refa, ni kweli alimsukuma. Alitumikia adhabu yake hadi mwisho na akaenda kumwomba radhi. Kuhusu nyumbani, sikusikia baya. Ana watoto watatu na kazi ya vibarua. Ile Sh40,000 anayoitaka, nilielezwa, ni ya karo. Hapo roho ikanisononeka. Ni rahisi kusema mkongwe ni mroho wa fedha. Ukweli ni kwamba aliutoa ujana wake uwanjani katika siku ambazo marupurupu yalikuwa nauli na sahani ya ugali, na alipoteguka goti hakuwa na bima. Lakini huruma yangu haiwezi kulipwa kutoka kwa mchango wa mwenye kibanda cha mboga aliyetoa Sh200 ili vijana wake wapate jezi. Hazina ya timu si mfuko wangu.

Sasa nitasema nilipofikia, na nitayasema hayo hayo mkutanoni. Kura yangu ni tumsajili, kwa masharti, na sharti moja likikataliwa, basi tuachane kwa amani.

Kwanza, goti lipimwe na daktari kabla ya karatasi yoyote kuandikwa, na gharama iwe yetu. Ni afadhali kupoteza fedha za daktari kuliko kumvunja mtu mguu anaohitaji kwa vibarua vyake.

Pili, hakuna Sh40,000 za mkononi. Atalipwa kwa mechi anayocheza, na tutaipandisha ile Sh1,500 hadi Sh2,500. Msimu wetu una mechi 22. Akicheza zote atapata Sh55,000, zaidi ya alivyotarajia kupata mkononi. Akicheza nusu, kama Zlatan, atapata Sh27,500, na hazina itabaki ikipumua. Kwa namna hiyo hatari ya goti tunaigawana, wala hatuibebi peke yetu wala hatumtupii yeye yote.

Tatu, mkataba uwe wa mzunguko wa kwanza tu. Ligi ikifika nusu tutakaa naye tena, tutazamane machoni, na kila upande useme ukweli wake.

Nne, kocha ndiye kocha. Akiambiwa aanze kwenye benchi, akae. Akiambiwa aingie dakika ya 60, aingie. Kadi nyekundu ya kumtusi refa itakuwa mwisho wa safari. Bila sharti hili mengine yote ni bure, maana kikosi chenye makocha wawili hakina kocha.

Tano, na hili ndilo nililolikosea usingizi, yule kijana wa Gikomba asiondolewe kikosini. Wacheze pamoja pale inapowezekana, wapokezane pale isipowezekana, na mkongwe akubali kwa kinywa chake mwenyewe kwamba sehemu ya malipo yake ni kumfundisha. Tena kijana aelezwe na sisi wanakamati, ana kwa ana, kabla hajayasikia kwa kinyozi. Ana miaka 19. Akihisi ametupwa, huenda msimu ujao tusimwone, naye akawa mmoja wa wale tunaowakuta wameegemea ukuta saa nne asubuhi. Kwa mabao yake saba ametupa zaidi ya tulichompa sisi. Mpaka sasa tumempa jezi moja.

Wenzangu wawili wanaopinga watasema masharti haya ni magumu mno, hakuna nyota atakayeyakubali. Huenda wakawa sahihi. Lakini masharti yenyewe ndiyo kipimo. Zlatan, pamoja na majivuno yake yote, alikubali mkataba wa miezi sita kwa kuwa aliamini bado ana kitu cha kutoa. Mkongwe anayejua kwamba goti lake litamruhusu hataogopa kulipwa kwa mechi. Anayeng'ang'ania fedha za mkononi kabla ya kugusa mpira, goti lake limekwisha kumweleza jambo ambalo yeye hataki kutueleza sisi.

Na wale watatu wanaomtaka leo kabla ya kesho watasema nimekuwa mbahili, kwamba jina lake peke yake litawajaza watu uwanjani. Litawajaza, ndiyo, Jumapili mbili za kwanza. Jumapili ya tatu watu watakuja kutazama mpira. Siku hiyo nataka wawakute wote wawili uwanjani, mzee akimwonyesha kijana kwa kidole mahali pa kusimama, na kijana akifika hapo kabla ya beki.